Tusisubiri Samaki Waelee

Machi 2022, maji ya Mto Mara upande wa Tanzania, karibu na daraja la Kirumi, yaligeuka meusi na samaki wakaanza kuelea wakiwa wamekufa. Picha zilisambaa upesi kwenye simu, na wananchi wengi wakatoa hukumu palepale: ni sumu ya mgodini. Serikali iliunda kamati. Kamati ikapima, ikarudi na maelezo kwamba samaki walikosa oksijeni kwa sababu ya kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza majini. Watu wengi hawakuyakubali maelezo hayo, na ubishi uliendelea mitaani na magazetini.

Sikusudii kuufufua ubishi ule. Nataka kuonyesha kwamba pande zote mbili zilishikilia swali moja: nini kimewaua? Kwa anayefuatilia metali nzito majini, swali hilo huja likiwa limechelewa. Samaki wengi wanapokufa kwa mkupuo katika mito na maziwa yetu, mara nyingi oksijeni ndiyo iliyokwisha. Zebaki, risasi, kadimiamu na shaba zinaweza kuua kwa mkupuo pia, hasa bwawa la topesumu linapopasuka au maji yenye asidi yanapomwagika mtoni, lakini hiyo si njia yao ya kila siku. Kila siku zinamwacha samaki akiogelea, akila, akinaswa na kuuzwa. Wanachonyang'anywa samaki hao ni sehemu ya mayai yao, uwezo wa kunusa, nguvu ya kukua, wepesi wa kumkimbia adui. Na kwa kuwa samaki yupo sokoni, sisi tunaamini maji ni mazima.

Imani hiyo ndiyo ninayopingana nayo katika safu hii, na mfano wangu ni Ziwa Victoria.

Tuanze na ziwa lenyewe. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake ni kifupi, wastani wa mita 40 hivi. Takriban asilimia 80 ya maji yake ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa, na kiasi kinachokaribiana na hicho huondoka kama mvuke. Mto Nile unachukua pale Jinja kiasi kidogo kinachobaki. Hesabu hii ina maana kubwa, kwa sababu mvuke haubebi risasi, kadimiamu wala shaba. Mito inaleta, jua linakausha, na metali inabaki. Hujishika kwenye chembe za udongo, hutua katika tope la ghuba, na haiozi kamwe. Dawa ya kuua wadudu huvunjika baada ya miezi au miaka. Mafuta huliwa na bakteria. Risasi iliyotua mwaka 1960 ni risasi hadi leo, na dhoruba yoyote ikilivuruga tope inaweza kuirudisha majini.

Metali hizi zinatoka sehemu nyingi. Mto Mirongo unaokatiza katikati ya jiji la Mwanza, mitaro ya Kisumu, mfereji wa Nakivubo unaotoka Kampala, viwanda vya ngozi vinavyotumia kromiamu, gereji, mafundi wa betri za magari: kila kimoja kina mchango wake. Lakini nitakaa na zebaki ya dhahabu, kwa sababu ndiyo inayobishaniwa zaidi na kueleweka kidogo zaidi.

Katika Mkoa wa Geita, maeneo kama Nyarugusu, Mgusu na Rwamagasa, mchimbaji mdogo husaga mawe kwenye karasha, huosha unga wake, kisha huchanganya mchanga uliobaki na zebaki ili ikamate dhahabu. Mchanganyiko hukamuliwa kwa kitambaa na kuchomwa motoni. Zebaki huruka, dhahabu hubaki. Utafiti wa Peter van Straaten uliochapishwa mwaka 2000, uliohusu Tanzania na Zimbabwe, ulionyesha kwamba asilimia 70 hadi 80 ya zebaki inayopotea huenda hewani, na inayobaki huishia kwenye marudio (mchanga uliokwisha kuchenjuliwa), kwenye udongo na kwenye mashapo ya vijito. Kwa kila gramu ya dhahabu iliyopatikana, zaidi ya gramu moja ya zebaki ilipotea. Dunia nzima, kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, wachimbaji wadogo wa dhahabu walitoa hewani tani 838 hivi za zebaki kati ya tani 2,220 zinazotokana na shughuli za binadamu.

Mtu akisikia kuwa zebaki nyingi inakwenda hewani, anaweza kupumua kwa nafuu na kusema basi samaki wamesalimika. Sivyo. Ziwa linalopata maji yake mengi kutoka mawinguni hupokea pia yale yaliyomo mawinguni. Zebaki iliyoruka Nyarugusu, pamoja na ile inayotoka kwenye moshi wa mapori na mashamba yanayochomwa kila kiangazi, huweza kurudi na mvua popote ziwani, mbali kabisa na mgodi wowote. Na mteremko wa ardhi nao una mambo yake: vijito vya Rwamagasa vinaelekea upande wa Mto Malagarasi, kwenye mabwawa ya Moyowosi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Mtu anayechora ramani ya hatari kwa kupima umbali kutoka mgodini hadi ufukweni anaweza kulikosa hata ziwa lenyewe.

Marudio yananitia wasiwasi kuliko moto. Mchanga uliokwisha kukamuliwa bado una dhahabu kidogo, kwa hiyo hununuliwa na kupelekwa kwenye matangi ya sianidi. Sianidi huyeyusha dhahabu, na huyeyusha zebaki vilevile. Zebaki ambayo ingekaa ikiwa imeng'ang'ania udongo mwekundu wa Geita wenye chuma kingi, sasa imegeuka kitu kinachotembea na maji. Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, ulioanza kufanya kazi Agosti 2017 na ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, unautaja wazi uchenjuaji wa namna hii miongoni mwa vitendo vibaya vinavyotakiwa kukomeshwa: kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuiondoa zebaki kwanza. Tumeweka saini. Matangi bado yapo.

Hata hivyo, zebaki iliyofika majini haijawa tayari kumdhuru samaki kwa kiwango chake kikubwa. Inahitaji kwanza kupita mikononi mwa bakteria wanaoishi katika tope lisilo na oksijeni. Hao ndio wanaoigeuza kuwa zebaki ya methili, aina inayopenya mwilini kirahisi, ikajifunga kwenye protini za misuli na kuingia hadi kwenye ubongo. Tope la namna hiyo lipo tele chini ya ghuba zetu, na magugumaji yameongeza jingine: chini ya zulia lile la kijani mwanga haufiki, oksijeni hupungua, na tafiti za mto Amazon zilishaonyesha kwamba mizizi ya mimea inayoelea ni makazi mazuri ya bakteria wa kazi hii. Kwa hiyo mbolea na maji machafu ya mijini vinavyolisha magugumaji vinasaidia pia kupika zebaki. Uchafu wa aina moja huufungulia mlango mwingine.

Sasa, hali ya samaki wenyewe ikoje? Hapa lazima tuwe wakweli, maana hofu isiyo na vipimo inawaumiza wavuvi bila kumsaidia mlaji. Katika miaka ya 1990 Justinian Ikingura wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Hirokatsu Akagi kutoka Japani walipima samaki na watu katika eneo la dhahabu la Ziwa Victoria, na samaki wengi wa ziwani walikutwa na zebaki kidogo. Katika miaka hiyohiyo Masazumi Harada, daktari aliyetumia maisha yake kuwahudumia wagonjwa wa sumu ya zebaki wa Minamata, Japani, alipima nywele za wakazi wa eneo hili pamoja na wenzake. Baadhi ya viwango vya juu kabisa havikutoka kwa samaki wala mgodini. Vilitoka kwenye sabuni za kujichubua zilizotiwa zebaki, ambazo watu walikuwa wakizinunua dukani na kuzipaka mwilini wenyewe.

Baadaye Linda Campbell na wenzake walipanua kipimo katika ghuba za Kenya na Uganda. Samaki wengi walikuwa chini ya viwango vya kimataifa, lakini sangara wakubwa walivuka miligramu 0.2 kwa kilo, kiwango kinachopendekezwa kwa wajawazito, watoto na watu wanaokula samaki kila siku. Sababu inajulikana. Zebaki ya methili hutoka mwilini mwa samaki polepole mno, kwa hiyo furu, samaki mdogo anayekula wadudu, hujikusanyia kidogo, sangara anayekula furu hujikusanyia zaidi, na sangara mzee anayekula sangara wadogo hurithi deni la wote.

Tufanye hesabu, kwa sababu bila hesabu mama mjamzito hawezi kuamua chochote. Kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO iliweka mwaka 2003 kikomo cha mikrogramu 1.6 za zebaki ya methili kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa wiki, ili kumlinda mtoto aliye tumboni. Mwanamke wa kilo 60 anapata mikrogramu 96. Akila samaki mwenye miligramu 0.2 kwa kilo, nafasi yake inaisha kwenye gramu 480, yaani milo miwili au mitatu. Samaki akiwa na miligramu 0.5, inaisha kabla ya gramu 200. Lakini akila samaki mwenye miligramu 0.03, anaweza kula zaidi ya kilo tatu kwa wiki. Mjamzito asiache samaki. Ahame kutoka kwa sangara mkubwa kwenda kwa sato mdogo na dagaa, na ubongo wa mtoto utapata mafuta na protini unazohitaji.

Lakini asije mtu akadhani nimemaliza kwa kusema kula wadogo. Kuna kosa ambalo nimelisikia hata katika mihadhara: kwamba metali zote hupanda ngazi ya chakula kama zebaki. Hazipandi. Risasi na kadimiamu kwa kawaida hupungua kadiri unavyopanda kutoka kwa konokono na wadudu wa topeni kwenda kwa samaki mla samaki. Tena hazikai mahali pamoja. Zebaki hukaa kwenye mnofu. Kadimiamu hujificha kwenye figo na ini. Risasi hufuata kalsiamu, ikajenga kwenye mifupa, magamba na matamvua. Shaba hujaa kwenye ini.

Weka maarifa hayo mezani kando ya chakula cha Kanda ya Ziwa, na utaona jambo linaloniumiza. Kiwandani Mwanza au Musoma, sangara hukatwa minofu, na minofu hiyo ndiyo inayopimwa kwa makini kabla ya kwenda Ulaya: zebaki, risasi isiyozidi miligramu 0.3 kwa kilo, kadimiamu isiyozidi 0.05. Mabondo, yaani vibofu vya hewa vya samaki, huenda Asia. Kinachobaki, yaani kichwa, mifupa na mapezi, ndiyo mapanki, na mapanki ndiyo kitoweo cha maskini. Dagaa naye huliwa mzima, ini lake, figo zake, mifupa yake na tope dogo lililo tumboni mwake. Mnofu ukipimwa na kukutwa hauna risasi, cheti kinasema kweli kwa anayekula mnofu. Hakisemi lolote kwa anayetafuna mfupa. Kanuni hizohizo za Ulaya zinaelekeza kwamba samaki anayekusudiwa kuliwa mzima apimwe mzima. Sisi tunaokula wazima kwa wingi tungepaswa kuwa wa kwanza kudai kipimo hicho, kwa ajili ya masoko yetu, kwa fedha zetu, hata kama hakuna mnunuzi wa nje anayekidai.

Nimezungumza juu ya mlaji, nirudi kwa samaki. Yeye ni zaidi ya chombo cha kusafirishia sumu hadi kwenye sahani, na kumsahau ndiko kunakotufanya tukose dalili za mapema.

Samaki wa maji baridi anaishi akivuja. Damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji yanamwingia na chumvi inamtoka bila kukoma. Ni kama mvuvi aliye kwenye mtumbwi wenye ufa: hawezi kuacha kukumba maji hata kidogo. Figo zake zinatoa mkojo mwingi mwepesi, na seli maalumu za matamvua zinavuta sodiamu na kalsiamu kutoka majini na kuzirudisha mwilini. Hapo ndipo metali zinapompiga. Shaba hukidhoofisha kimeng'enya kinachosukuma sodiamu. Kadimiamu, risasi na zinki huingia kupitia milango ya kalsiamu na kuinyima nafasi. Ngozi nyembamba ya matamvua huvimba na kutoa ute mwingi, oksijeni hupita kwa shida, na samaki hutumia nguvu zaidi ili apate pumzi ileile. Wakati huohuo ini lake linatengeneza protini maalumu za kuifunga metali isizurure mwilini. Kinga hiyo inafanya kazi, lakini ina gharama: protini na nguvu zilizotumika hapo zimetoka kwenye kukua na kwenye mayai.

Kwa kuwa metali na kalsiamu zinagombea milango ileile, ugumu wa maji hubadilisha kila kitu. Maji ya Tanganyika yana chumvi za madini mara kadhaa kuliko ya Victoria. Kiasi kilekile cha shaba kitamuumiza zaidi samaki wa Victoria, kwa sababu kalsiamu ya kumkinga ni chache. Maji yenye rangi ya chai yanayotoka kwenye mafunjo hupunguza makali, maana mabaki ya mimea huikamata shaba kabla haijafika kwenye matamvua. Maji yenye asidi hufanya kinyume: huifungua metali kutoka kwenye udongo. Ndiyo sababu sina imani na kikomo kimoja kinachowekwa kwa mito na maziwa yote ya nchi.

Na sina imani kabisa na tangazo ambalo tumelizoea kila uchafuzi unapotokea, kwamba maji yamepimwa na yako ndani ya viwango vya maji ya kunywa. Shirika la Afya Duniani linaruhusu shaba hadi miligramu 2 kwa lita katika maji ya kunywa, yaani mikrogramu 2,000. Mtu mzima hapati shida, kwa kuwa tumbo na ini lake vina njia ya kuidhibiti. Lakini Jason Sandahl na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2007 nchini Marekani, waliwaweka samoni wachanga wa aina ya coho kwenye maji yenye mikrogramu 2 hadi 20 tu za shaba kwa lita. Saa tatu zilitosha kuwapunguzia uwezo wa kunusa. Samaki wale hawakufa. Waliendelea kuogelea kama kawaida, ila harufu ya hatari ilipotiwa majini hawakusimama wala kujificha kama wenzao. Maji hayo yangepita kipimo cha kunywa kwa mbali sana.

Harufu hiyo ya hatari ilielezwa na Karl von Frisch mwaka 1938: ngozi ya samaki mdogo ikijeruhiwa hutoa kemikali inayowashtua wenzake wakatawanyika. Dagaa wa Ziwa Victoria ni wa kundi hilohilo kubwa la samaki wenye tahadhari hii. Wanaishi kwa makundi, na wanazungukwa na sangara. Kundi la dagaa lisilosikia onyo litaliwa upesi zaidi, na hakuna mtu atakayeona mzoga wala mvuvi atakayetoa taarifa. Takwimu zitasema dagaa wamepungua, na sote tutazilaumu nyavu.

Risasi nayo ina saini yake. Katika trauti waliolelewa kwenye maji yenye risasi, mkia hugeuka mweusi na uti wa mgongo hupinda. Zebaki ya methili huvuruga homoni za uzazi: samaki wadogo wa Amerika Kaskazini waitwao fathead minnow, walipolishwa chakula chenye zebaki hiyo katika maabara, walitaga kwa uchache. Samaki mwenye mgongo uliopinda hafiki sokoni, maana huliwa mapema. Yai lisilotagwa halina hata wa kulihesabu.

Uzazi wa samaki wetu unanitia wasiwasi zaidi kwa sababu ya mahali unapofanyika. Dume la sato huchimba kiota kwenye mchanga na tope la maji mafupi, karibu na ufukwe, kwenye ghuba na midomo ya mito. Jike hutaga hapo, kisha huyaokota mayai na kuyaatamia mdomoni. Furu wa kike hufanya vivyo hivyo. Ningu hupanda mito wakati wa mvua ili kutaga. Maana yake ni kwamba wachanga, ambao ndio dhaifu kuliko wote, wanaanza maisha palepale mashapo ya mto yanapotua, na katika msimu uleule mafuriko yanapoosha marudio na mitaro ya mijini. Maji yakichotwa katikati ya ziwa mwezi Agosti na kukutwa safi, hayatuambii chochote kuhusu kiota cha sato mdomoni mwa mto mwezi Aprili.

Hatuko peke yetu katika hili. Uganda, mgodi wa shaba wa Kilembe ulifungwa tangu miaka ya 1980, lakini marundo yake yangali kando ya Mto Nyamwamba, na kila mafuriko, kama yale ya Mei 2013, yanateremsha mengine kuelekea Ziwa George. Katanga, nchini Kongo, karibu na Likasi, ziwa la bwawa la Tshangalele limepokea kwa miongo mingi maji kutoka viwanda vya shaba na kobalti, na wakazi wa kandokando, wengi wao wakiwa wasemaji wa Kiswahili, wanavua na kula humo. Mwaka 2009 Célestin Banza na wenzake waliripoti kuwa watu wanaoishi karibu na migodi na mitambo ya Katanga walikuwa na kobalti nyingi sana kwenye mkojo. Geita ya leo inapaswa kuitazama Kilembe kwa makini. Mgodi hufungwa kwa tangazo la siku moja, ilhali rundo lake huendelea kumwagika kwa vizazi.

Basi tumpime nani, na wapi? Sangara ni shahidi mbaya wa mahali, kwa kuwa anasafiri. Zebaki iliyo ndani yake imekusanywa kutoka nusu ya ziwa. Ninawapendekeza mbipi. Hawa ni furu wa kwenye mawe, ambao wengi wao hawavuki hata eneo la mchanga kati ya kisiwa kimoja cha mawe na kingine. Mbipi aliyenaswa kwenye mawe ya Ghuba ya Mwanza amekula, amepumua na amezaliwa hapohapo. Matamvua yake, ini lake na damu yake vinasimulia habari za eneo dogo linalojulikana. Kwa upande wa tope, kamongo anafaa sana, maana anaishi chini na hula konokono kwa wingi. Kambare naye anapatikana hadi kwenye vijito vilivyo karibu na makarasha, ambako sangara hafiki kabisa.

Kazi hii haihitaji kuanza upya. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi ya Tanzania, ina watu wake Mwanza, maabara ya samaki ipo Nyegezi, Kenya wana taasisi yao ya KMFRI na Uganda wana NaFIRRI, na shirika la uvuvi la ziwa zima liko Jinja. Daktari wa samaki akiwa na darubini anaweza kuona matamvua yaliyovimba na chembe za damu zenye viini vilivyovunjika miaka mingi kabla ya mzoga wa kwanza kuelea. Kipimo cha risasi kwenye damu kinaweza kuambatana na kipimo cha kimeng'enya ambacho risasi hukizima. Mawe ya sikioni mwa samaki, yanayokua pete kwa pete, huhifadhi kumbukumbu ya baadhi ya metali alizokutana nazo tangu utotoni. Kinachokosekana ni utaratibu wa kurudi mahali palepale, msimu uleule, mwaka baada ya mwaka, na matokeo kubandikwa mwaloni kwa lugha ambayo mvuvi na mama anayeuza dagaa wanaisoma.

Na kuna kazi isiyosubiri kipimo chochote. Marundo ya marudio yaliyo juu ya vijito yanajulikana yalipo. Wenyeji wa Nyarugusu wanaweza kumwonyesha mtu yeyote kwa kidole. Halmashauri, ofisi ya madini na baraza la mazingira, NEMC, wanaweza kukubaliana kwamba hakuna rundo wala tangi la sianidi litakalokaa ndani ya eneo linalofikiwa na mafuriko, na kwamba lililopo lihamishwe kwa gharama ya aliyelinunua, kwa kuwa yeye ndiye anayevuna dhahabu ya mwisho iliyomo. Mchimbaji mdogo apewe chombo cha kunasia moshi wa zebaki na afundishwe kukitumia, badala ya kukimbizwa na askari akaenda kuchoma porini. Mafunjo ya kwenye mabonde yaachwe yalivyo, ingawa nayo yana tope la kupikia zebaki, kwa kuwa yanazuia risasi na shaba nyingi zisifike kwenye viota. Mvua za masika huanza Machi. Marundo yanapaswa kuwa yamehama kufikia Februari.